Beit al Ajaib na kazi zake tangu 1883

Ukisimama Forodhani ukaipa bahari mgongo, mbele yako, baina ya Ngome Kongwe na Beit al Sahel, ndipo ilipo Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Kwa miaka mingi hapakuwa na jengo Unguja lililoipita kwa urefu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya uso wake, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Habari za jumba hili huandikwa mara nyingi kwa kuanzia taa za umeme na lifti, kwa sababu ndiyo maajabu yaliyolipa jina. Mimi nataka kulitazama kwa upande mwingine. Tangu lijengwe limefanya kazi nyingi zisizofanana: limekuwa kasri la sherehe, makazi ya sultani, ofisi za Waingereza, ofisi za serikali baada ya Mapinduzi, skuli na makumbusho ya chama, halafu makumbusho ya taifa. Kila lilipobadilishwa kazi, kuna swali moja ambalo mtu wa majengo lazima aliulize: mvua kubwa ikikatika, ni nani anayepanda juu kutazama paa? Jibu la swali hilo, zama kwa zama, linaeleza hali ya jumba kuliko habari zote za masultani.

Ukoo na fedha zake

Al Busaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, wameitawala Oman tangu 1744. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akafariki 1856, na wanawe wakagombania urithi. Mwaka 1861 Waingereza waliamua kuwa Zanzibar na Oman zitengane, Zanzibar ikiilipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Majid akabaki Unguja, Thuwaini Maskati. Barghash, mwana mwingine wa Seyyid Said na ndiye aliyelijenga jumba hili, alikuwa tayari amejaribu kumwondoa nduguye Majid mwaka 1859, akashindwa na kupelekwa Bombay. Huko aliishi katika mji wenye majengo makubwa ya mawe na chuma, na naamini macho yake yalifunguka hapo kabla hata hajazuru London mwaka 1875.

Alipokalia kiti mwaka 1870 hakupata raha. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Fedha zake zilitoka kwenye ushuru wa forodha na karafuu, na karafuu hizo zililimwa na kuchumwa na watumwa. Hilo halifai kufichwa na yeyote anayelisifu jumba. Kila nguzo ya chuma iliyopanda pale ililipwa kwa jasho la watu waliofanya kazi mashambani bila hiari yao.

Barghash alikuwa mjenzi hasa. Alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi, akajenga hamamu ya Hamamni, na nje ya mji akajenga kasri za Marhubi na Chukwani. Beit al Ajaib, iliyokamilika 1883, ilikuwa na shabaha tofauti na hizo zote. Haikujengwa kuwa nyumba ya kulala. Ukoo uliishi jirani, Beit al Sahel na Beit al Hukm, na Beit al Ajaib ikawa mahali pa kupokelea wageni, kufanyia baraza na kuonyesha enzi. Majumba hayo yaliunganishwa kwa vivuko vilivyofunikwa huko juu, wanawake wa ukoo wapate kupita bila kuonekana na watu wa barabarani. Inasemekana pia kuwa kiwanja chenyewe kilikuwa na jumba la Malkia Fatuma, aliyetawala Unguja kabla ya Waarabu wa Oman kuwafukuza Wareno.

Boriti na chuma

Hapa nitakaa kidogo, maana bila ya kuelewa jinsi lilivyojengwa, maporomoko ya 2012 na 2020 yataonekana kama bahati mbaya tu.

Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Ukuta huwa na unene wa sentimita 50 hadi 60, wakati mwingine zaidi, na ndani yake hakuna mawe yaliyochongwa na kupangwa kama matofali. Pande mbili za nje hupangwa mawe makubwa kiasi, katikati hujazwa vipande na udongo wa chokaa, halafu mianya hutomewa kwa vijiwe vidogo kabla ya kupigwa lipu. Ukuta wa namna hii una nguvu ya kubeba uzito unaoshuka wima. Hauna nguvu ya kuvutwa pembeni, na maji yakiingia katikati yake, ule ujazo huchujika taratibu na kuacha mapango ambayo huyaoni kutoka nje.

Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko. Boriti nzuri iliyonyooka hubeba upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: boriti ndiyo iliyoamua, wala si mwenye nyumba. Juu ya boriti hupangwa vibapa vya matumbawe, kisha husakifiwa kwa zege la chokaa na kokoto, likipigwapigwa kwa siku kadhaa mpaka lishikane. Unene wa sakafu kama hiyo ukiwa sentimita 25, kila mita ya mraba ina uzito wa karibu kilo 450 kabla mtu hajaikanyaga.

Seyyid Barghash alitaka kumbi pana na roshani zinazolizunguka jumba zima. Boriti zisingeweza. Kwa hiyo Beit al Ajaib ikapata mihimili ya chuma iliyoletwa kwa meli, na nguzo ndefu za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kuzibeba roshani kwa nje. Ndani kukaachwa uwanja mkubwa katikati, wazi kwenda juu, na baraza za kila ghorofa zikiuzunguka. Sakafu zikawekwa marumaru, milango ikachongwa kwa aya za Kurani na kupakwa dhahabu. Jumba likawa la mwanzo Unguja kuwa na taa za umeme, na lifti yake inatajwa kuwa ya mwanzo Afrika Mashariki.

Uzuri wake ndio huo, na udhaifu wake umo humo humo. Jumba ni ndoa ya vitu viwili visivyoenda kwa mwendo mmoja. Mhimili wa chuma wenye urefu wa mita 8 ukipata joto la nyuzi 20 zaidi, hurefuka kwa karibu milimita 2. Ukuta wa matumbawe na chokaa hautanuki kiasi hicho. Mchana jua, usiku upepo wa bahari, kila siku, mwaka hadi mwaka: pale kichwa cha mhimili kinapoingia ukutani huanza ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo peke yake si hatari. Hatari ni maji ya mvua na chumvi ya bahari vinavyopitia humo na kukifikia chuma. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara mbili hadi sita kwa kadiri ya aina yake, na ikikosa nafasi hulipasua jiwe linaloibana. Ufa unapanuka, maji yanazidi kuingia, kutu inazidi.

Nguzo za chuma cha kusubu nazo zina tabia yake. Zikisimama wima na mzigo ukashuka katikati, hubeba uzito mkubwa ajabu. Zikiegemea kidogo, au msingi wa moja ukatitia, chuma cha kusubu hakipindi kama chuma cha kufuliwa. Hukatika ghafla bila kutoa onyo. Nguzo moja ikiacha kubeba, mzigo wake unahamia kwa jirani zake wawili, ambao nao huenda wameshaliwa na kutu upande wa ndani.

Dakika 38

Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila ridhaa ya Waingereza, waliomtaka Hamoud bin Mohammed. Akakusanya watu wapatao 2,800. Waingereza wakaleta manowari tano mbele ya Forodhani na kumpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Vita vikaisha kwa muda unaotajwa mara nyingi kuwa dakika 38. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Jahazi la kifalme Glasgow lilizamishwa hapo hapo bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini hadi 1912. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, kisha Dar es Salaam.

Beit al Hukm na Beit al Sahel, zilizokuwa na mbao nyingi, ziliharibiwa vibaya na kuungua. Mnara wa taa uliokuwa mbele ukapigwa. Beit al Ajaib ikasalimika, ikiwa na majeraha machache tu.

Ukarabati uliofuata ndio uliolipa jumba sura tunayoijua kwenye picha. Beit al Hukm haikujengwa tena. Kiwanja chake kikawa bustani. Beit al Sahel ikajengwa upya ikiwa ndogo kuliko awali. Na mnara mpya, wa saa, ukawekwa katikati ya uso wa Beit al Ajaib mwaka 1897. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika mwili wa jumba. Uso uliokusudiwa kubeba roshani nyepesi, zenye mapengo ya hewa kila upande, ukaongezewa mzigo uliosimama sehemu moja, juu kabisa, mahali panapopigwa na upepo wa bahari. Mnara ulidumu zaidi ya miaka 120, kwa hiyo siwezi kusema wajenzi wake walikosea hesabu. Ila hesabu yao ilitegemea chuma kizima kisicholiwa, na sharti hilo liliwaangukia watu wa baadaye.

Katika zama hizi za mwanzo jumba lilikuwa na wenyewe. Hamoud alikaa katika ghorofa za juu. Nyumba inayokaliwa na mtu mkubwa haivuji kwa muda mrefu: tone likianguka juu ya zulia lake asubuhi, mchana fundi yuko juu ya paa. Hamoud alifariki 1902, mwanawe Ali akarithi, na 1911 Ali akajiuzulu.

Ofisi

Mwaka huo wa 1911 jumba likatoka mikononi mwa ukoo na kuwa makao ya utawala wa Waingereza. Sultani mpya, Khalifa bin Harub, aliishi Beit al Sahel, na ukoo ukabaki huko mpaka siku ya mwisho.

Watu husikitika kasri linapogeuzwa ofisi. Mimi naona kwamba kwa jengo lenyewe hiyo haikuwa kazi mbaya. Ofisi ina bajeti ya kila mwaka, ina idara ya ujenzi, ina mafundi walioajiriwa, na karani ambaye jalada lake limelowa atalalamika kwa maandishi. Ubaya wa ofisi ni uzito na mabadiliko. Makabati ya majalada hayakai sawasawa sakafuni. Yanapangwa kando ya ukuta, na karatasi ni nzito. Rafu ya mita moja iliyojaa majalada ya kusimamishwa ina karibu kilo 50, na kabati lenye rafu tano likawa na robo tani juu ya nafasi ndogo. Sakafu ya mihimili ya chuma inaweza kustahimili hayo. Sakafu ya boriti ya jirani haiwezi, na ndiyo sababu nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizofanywa maghala au ofisi zina dari zilizobonyea katikati.

Linganisha na kasri zilizokosa kazi kabisa. Marhubi iliungua 1899, na leo zimebaki nguzo, sehemu ya hamamu na bwawa. Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme binti Said, iliachwa kabla ya karne ya 19 kwisha, ikaja kutumiwa kama ghala, ikawa magofu. Ngome Kongwe ya jirani, kwa upande mwingine, imekuwa gereza, ikatumiwa na reli ya Bububu, kisha ikawa uwanja wa maonyesho, na kuta zake bado zimesimama. Ngome haina ghorofa wala chuma, lakini pia haijawahi kukaa miaka mingi bila mtu mwenye ufunguo.

Baada ya Januari 1964

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimwondoa Seyyid Jamshid bin Abdullah, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Disemba 1963. Aliondoka kwa meli, akaishi Uingereza miaka mingi, akarudi Oman 2020 na kufariki huko Disemba 2024. Beit al Sahel ikapewa wananchi kwa jina, ikatumika kwa ofisi, na 1994 ikawa makumbusho ya kasri. Nyuma yake kuna Makusurani, makaburi ya ukoo, alikolazwa Seyyid Said na Seyyid Barghash.

Beit al Ajaib iliendelea na ofisi, kisha katika miaka ya 1970 ikawa skuli na makumbusho ya Afro-Shirazi, chama kilichoungana na TANU tarehe 5 Februari 1977 kuwa CCM. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, jumba likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao wa Waswahili. Katika uwanja wa ndani kukawekwa mtepe, chombo cha baharini cha Waswahili wa zamani, uliojengwa 2003, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Mahali pale palichaguliwa vizuri, kwani chombo kizito kinakaa juu ya ardhi na hakilemei ghorofa.

Makumbusho ni kazi inayoliheshimu jumba, lakini ina tatizo lake. Mapato yake hutoka kwenye tiketi. Tiketi hulipa mishahara, usafi na vibao vya maelezo. Hailipi kubadilisha mihimili ya chuma ya ghorofa ya juu. Halafu mgeni hutembea chini na kwenye roshani, hapandi darini. Chumba cha juu kikivuja, hufungwa mlango na kuandikwa hakuna ruhusa. Mlango ukishafungwa, hapana tena jicho la kila siku.

Mwaka 2012 pembe ya roshani iliporomoka, na makumbusho yakafungwa. Tangu hapo mpaka kazi ya ukarabati kwa msaada wa Oman ilipoanza, ilipita miaka mingi ya masika na vuli, paa likiwa limejeruhiwa na jumba likiwa tupu. Miaka hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote. Zanzibar hupata mvua ya takriban milimita 1,600 kwa mwaka. Maana yake kila mita ya mraba ya paa inapokea lita 1,600. Tundu la paa linalokusanya maji ya mita 100 za mraba humwaga lita 160,000 ndani ya nyumba kila mwaka, na maji hayo hayapotei hewani. Yanashuka katikati ya ukuta, yanaosha chokaa, yanakaa kwenye vichwa vya mihimili.

Makosa ya saruji

Ukuta wa matumbawe unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, kisha unatoka taratibu kupitia lipu ya chokaa. Fundi akibandua chokaa na kupiga saruji, kwa mwaka wa kwanza ukuta utapendeza. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yanabanwa nyuma yake, chumvi inaganda hapo na kuvimba, na mwaka wa tatu au wa nne lipu inadondoka vipande vikubwa vikiwa vimeshika ngozi ya jiwe. Fundi anaitwa tena, anaona ukuta dhaifu, anaongeza saruji. Wakati huo vichwa vya boriti au vya mihimili ya chuma vinakaa katika unyevu mwaka mzima.

Kosa la pili liko juu ya paa. Paa linavuja, linamwagiwa zege la saruji la sentimita 5. Hilo peke yake ni kilo 110 kwa kila mita ya mraba. Baada ya miaka linapasuka kwa jua, linamwagiwa tena. Nyumba iliyotengenezwa hivyo mara tatu imebeba kilo 330 zaidi kwa kila mita, juu ya sakafu ya chini yake iliyozidi kudhoofika. Dawa ya paa la chokaa linalovuja ni kulikwangua mpaka pagumu, kutengeneza mteremko kuelekea mifereji, na kusakifu upya kwa chokaa.

Chokaa yenyewe inataka subira, na nadhani hiyo ndiyo sababu inakimbiwa. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa kuni katika moto unaofika nyuzi 900 hivi, kisha huloweshwa maji. Hapo hufoka joto kali, na mtu asiyekinga macho anaweza kupofuka. Chokaa iliyoloweshwa haitumiki kesho yake. Huachwa shimoni ikiwa imefunikwa na maji kwa miezi, muda ukizidi inazidi kuwa laini. Kwa lipu, chanzo kizuri ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi usio na chumvi. Mchanga wa pwani usiooshwa huharibu kila kitu, kwa sababu unatia ukutani ile chumvi unayojaribu kuitoa. Lipu hupigwa mikono miwili au mitatu, kila mmoja usizidi sentimita moja, na ukuta hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa chini ya magunia yaliyolowa. Chokaa hushika kwa kunywa hewa polepole. Ikikauka haraka inakuwa unga.

Kulirudisha

Jumba lililovunjika upande mmoja lina hatari kuliko gofu, kwa kuwa kuta zilizosalia zilizoea kusukumana na zile zilizoondoka. Kazi ya mwanzo ni kutegemeza: matao, sakafu na nguzo zote zilizobaki zipate miti au vyuma vya kuzibeba, kuanzia ghorofa ya chini kwenda juu, na kila nguzo ya muda iwe juu ya nyingine moja kwa moja. Ukitegemeza ghorofa ya pili peke yake umehamisha mzigo tu na kuulaza juu ya sakafu ya kwanza. Kisha paa la muda la mabati, lenye mabomba yanayopeleka maji mbali na msingi, kabla ya masika. Kupunguza uzito huanzia juu. Anayeanza kwa kutoboa au kubomoa chini, akiwa na mzigo wote juu yake, anachezea maisha ya mafundi.

Vifusi visisombwe kwa tingatinga. Kila nguzo ya chuma iliyoanguka ipimwe na kupewa namba, na itazamwe kama ina nyufa ndani, kwa sababu ile iliyo nzima inaweza kurudi kazini na ile iliyopasuka inafaa kuwa kielelezo cha kusubia nyingine. Marumaru, vipande vya mbao za kuchonga na vyuma vya ukingo wa roshani vyote vina mahali pake kwenye picha za zamani.

Linalobishaniwa zaidi ni kama uso ujengwe upya kwa zege na nondo, kisha uvikwe sura ya zamani. Wanaolitaka zege wana hoja ya haraka na ya usalama, na sizidharau hoja hizo watu wakiwa wamekufa. Lakini nondo ndani ya zege, mita chache kutoka baharini, hupata kutu ile ile, na zege likishapasuka halitengenezeki kwa vipande kama chokaa. Zaidi ya hapo, uso mgumu uliounganishwa na kuta laini za nyuma huzisukuma kila joto linapobadilika. Naona afadhali chuma kipya kisichoshika kutu kirahisi, kiachiwe nafasi ya kutanuka pale kinapoingia ukutani, na kuta zijengwe kwa matumbawe na chokaa. Mnara, ukirudishwa, ubebwe na fremu yake wenyewe hadi kwenye msingi, usitegemee roshani.

Na liwepo fungu la fedha la paa peke yake, lisilochanganywa na tiketi, pamoja na watu wawili wa kudumu wenye ufunguo wa darini: wakague Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, wazibue mifereji, wang'oe mimea inayoota kwenye nyufa ikiwa bado na majani mawili, na wapande tena kila baada ya mvua kubwa. Milango ya kuchonga irudi mwisho, baada ya paa jipya kupita masika moja na vuli moja bila tone kuingia.